Mti wa Matunda na Haki ya Ardhi



Sisi wa Old Korogwe tunao mto Pangani. Wenzetu wa Handeni hungojea mvua. Hata hivyo, mwembe na mkorosho hustahimili ukame, mradi mche utunzwe miaka ya mwanzo. Kabla ya masika chimbeni shimo la sentimita 60 kila upande, mchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza. Mvua ziingiapo, pandeni. Kisha tandazeni nyasi kavu kulizunguka shina, pasipo kuligusa, ili unyevu usipotee.

Lakini mti hudai miaka. Katika desturi nyingi, apandaye mti wa kudumu huhesabiwa kuwa na dai juu ya ardhi, ndiyo maana mjane, au aliyeazimwa shamba, huambiwa: “Lima mahindi tu.” Je, hiyo ni haki? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, imebatilisha mila imnyimayo mwanamke kumiliki au kutumia ardhi.

Basi, viongozi wa jumuiya ndogondogo, kabla ya kugawa miche, ulizeni: nani atakula matunda yake? Aliyeazimwa na mwenye shamba waandikiane mbele ya mashahidi. Ndipo mche upandwe.