MADENI YA DUKANI
(Maneno waliyoambiwa wenye maduka wa Tumati)

Twaja kusema nanyi habari za madeni. Hasara yake si ya mwenye duka peke yake: rafu zikiwa tupu, sote tutafuata chumvi Mbulu mjini.

Kwanza, mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni jina, kitu, bei na siku ya kulipa. Naye mkopaji atie sahihi au dole gumba.

Pili, mwendeeni wakati wa mavuno, kabla fedha ya maharagwe haijatawanyika, tena faraghani. Aliyeaibishwa mbele za watu hukasirika, wala halipi. Akileta kidogo, pokeeni, mkaandike salio.

Tatu, msilale. Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 yatoa miaka 6 ya kushtaki deni la mapatano. Lakini mdaiwa akilikiri kwa maandishi yenye sahihi kabla ya muda kwisha, miaka huhesabiwa upya.

Akikataa kabisa, nendeni Mahakama ya Mwanzo na daftari mkononi. Msimnyang'anye ng'ombe wake, maana mwenye haki atageuka mkosaji.

Nasi tukopao tukumbuke: dawa ya deni ni kulipa.