Nyumba Inayotosha

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Aliyetuumba, Akaturuzuku, Akatupa mahali pa kukaa katika ardhi Yake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, Aali zake na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, enyi waja wa Mwenyezi Mungu, nakuusieni, nami najiusia kabla yenu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri.

Ndugu Waislamu mliohudhuria hapa msikitini, na ndugu mnaotusikiliza majumbani mwenu. Mazungumzo yetu ya Ijumaa hii yanahusu jambo ambalo kila mmoja wetu hulala nalo na kuamka nalo, nalo ni nyumba. Tunajiuliza: watu wa nyumba moja wanahitaji nafasi kiasi gani ili isemwe kuwa wanayo nyumba inayowatosha? Wako wanaojibu kuwa nafasi haitoshi kamwe, na kila mwaka huongeza chumba. Wako wanaojibu kuwa mtu akipata pa kuegesha ubavu basi imetosha. Majibu yote mawili yana upungufu, na sheria yetu imeshika njia ya katikati.

Tuanze na kazi ya nyumba. Mwenyezi Mungu anatukumbusha katika Sura ya An-Nahl, aya ya 80, kuwa Yeye ndiye Aliyetujaalia nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu. Kisha katika aya hiyo hiyo Anataja hema za ngozi, ambazo msafiri huzibeba kwa wepesi siku anayohama na siku anayotua. Zingatieni mpango wa maneno hayo matukufu. Hema ya ngozi imehesabiwa kuwa ni nyumba, bila ya ukuta wa mawe wala ghorofa. Lililofanya iwe nyumba ni utulivu wanaoupata waliomo. Basi jumba lisilo na utulivu, hata likiwa na vyumba kumi, limekosa lile lililojengewa. Na kibanda chenye utulivu kimelipata.

Wala mtu asidhani kuwa dini yetu inachukia nafasi. Mtume wetu, Sala na Salamu za Mwenyezi Mungu zimshukie, ameitaja nyumba yenye wasaa kuwa ni katika mambo ya furaha ya mwanadamu, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando chepesi. Na imepokewa kuwa katika dua zake alimwomba Mola wake msamaha wa dhambi, wasaa katika nyumba na baraka katika riziki. Kwa hivyo anayehangaika kwa halali ili watoto wake wapate kupumua hana lawama. Huenda akawa katika ibada.

Sasa tutazame kiwango ambacho nyumba isiteremke chini yake. Kiwango hiki sheria haikukipima kwa hatua wala kwa mita, bali kwa haki za wakaao.

Haki ya kwanza ni sitara. Katika Sura ya An-Nur, aya ya 58, tumeamrishwa kuwa hata watoto wetu wadogo ambao hawajabaleghe waombe ruhusa kabla ya kutuingilia katika nyakati tatu: kabla ya Sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri tunapopunguza nguo, na baada ya Sala ya Isha. Aya inayofuata inawaamrisha waliokwisha baleghe waombe ruhusa kila wakati. Hukumu hii haiwezi kutekelezwa ikiwa baba, mama na watoto wote wamelala katika tandiko moja, bila ya mlango, bila ya pazia, bila ya pahali pa kusimama na kubisha hodi. Kwa hivyo, kinachomwezesha mtu kuitimiza amri hii ni katika mahitaji, wala si anasa.

Haki ya pili ni ya watoto. Mtume ametufundisha tuwaamrishe Sala wakifika miaka saba, na wakifika miaka kumi tuwatenganishe katika malazi. Wazazi wengi wameihifadhi nusu ya kwanza ya mafundisho haya na nusu ya pili wameisahau. Utamkuta msichana wa miaka kumi na mbili analala kitanda kimoja na kaka yake, au anapangwa pamoja na mgeni wa kiume kwa kuwa ni jamaa. Madhara yanayotokea humo hayasemwi hadharani, na mtoto aliyeumizwa hukua nayo kifuani. Ndugu zangu, jambo hili halingojei jumba. Linaanza usiku wa leo.

Haki ya tatu ni ya mke. Katika Sura ya At-Talaq, aya ya 6, wanaume wameamrishwa wawaweke hata wake walioachwa, wakiwa katika eda, pale wanapokaa wao, kwa kadiri ya uwezo wao, na wamekatazwa kuwadhiki ili kuwatesa. Ikiwa hayo ni kwa aliyeachwa, basi aliye katika ndoa anastahiki zaidi. Mafakihi wamesema makazi ni sehemu ya matumizi ya lazima, nayo ni makazi yanayomfaa mwanamke wa hali yake, ambamo nafsi yake na vitu vyake vitakuwa katika amani.

Haki ya nne ni ya mwili. Hewa ni riziki. Maradhi ya kifua kikuu huenea kwa hewa, na hupata nguvu pale watu wanapobanana katika chumba kisicho na dirisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi na afya wa mwaka 2018, limehimiza msongamano wa watu majumbani upunguzwe kwa sababu hiyo na nyinginezo. Na wataalamu wa makazi wa Umoja wa Mataifa wanapohesabu, husema chumba wanachokaa watu zaidi ya watatu kimezidiwa. Hesabu hiyo imetoka kwa wataalamu, si katika vitabu vya fikihi, lakini dini yetu imekataza kudhuru na kudhuriana, na anayejua madhara hana budi ayakimbie.

Enyi Waislamu, hizo ndizo haki. Zikitimia, nyumba imetosha. Na wala haziitaji mengi kama tunavyodhani. Tazameni vyumba vya Mtume wetu pale Madina. Vilikuwa vya matofali ya udongo na makuti ya mtende. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amesimulia kuwa alikuwa akilala mbele ya Mtume anaposali usiku, na Mtume akitaka kusujudu humgusa, naye hukunja miguu. Na nyumba zao siku hizo hazikuwa na taa. Al-Hasan al-Basri amesimulia kuwa alipokuwa kijana aliingia katika vyumba hivyo na mkono wake ukafika kwenye dari. Mwanzoni mwa karne ya nane ya Miladi, Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik alipoamuru vivunjwe ili Msikiti upanuliwe, watu wa Madina walilia. Said bin al-Musayyab alitamani viachwe kama vilivyo, ili vizazi vitakavyokuja vione Mtume aliridhika na kiasi gani, wakapata kuipa dunia nyongo. Hata hivyo, kila mmoja katika wake wa Mtume alikuwa na chumba chake. Chumba kilikuwa kidogo, na haki ilikuwa kamili.

Wazee wetu wa pwani hii nao waliielewa maana hiyo. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilifunikwa kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haina urefu mkubwa, upana wa chumba haukuweza kupita mita tatu hivi. Lakini walipanga: daka kwa mpita njia, kiwanda cha kupitisha hewa, msana wa wenyeji, kisha ndani kabisa pa faragha. Kila ukizidi kuingia, sitara huzidi. Katika vyumba hivyo vyembamba walilelewa mashekhe na mabinti wa heshima. Upungufu wa upana waliulipa kwa mpango na adabu.

Ama kuzidisha kupita haja, hapo ndipo hesabu inapoanza. Mtume ametufundisha kuwa mtu ana tandiko lake, na mkewe ana lake, na la tatu ni la mgeni. Na la nne akalinasibisha na Shetani. Wanavyuoni wamefafanua kuwa hilo la nne ni lile lisilo na haja, lililowekwa kwa fahari. Mwenye watoto kumi ana haja ya matandiko kumi, wala hilo si la Shetani. Na imepokewa pia kuwa Mtume aliona kuba refu lililojengwa na mmoja wa Ansari, akawa anamgeuzia uso mwenye kulijenga. Yule Sahaba alipoijua sababu alikwenda akalivunja mwenyewe.

Mafakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi wameliweka jambo hili katika mizani iliyo wazi. Maskini mwenye nyumba inayomfaa haondoki katika umaskini kwa sababu ya nyumba hiyo, na Zaka anaweza kupewa. Lakini mwenye nyumba pana kupita hali yake, kiasi ambacho sehemu yake ingemtosha na thamani ya iliyobaki ingempeleka Hija, hana udhuru wa kusema kuwa hana uwezo. Basi ujueni uzito wa chumba kisicho na kazi: huenda kikasimama Siku ya Kiyama kuwa shahidi juu ya Hija iliyoachwa.

Na sisi leo tunafanya nini? Mtu ana mke na watoto watano katika chumba kimoja cha kupanga. Mwenyezi Mungu akamfungulia riziki, akanunua kiwanja. Vyumba vitatu vya kiasi vingemtosha, lakini aliona jirani yake amechimba msingi wa vyumba saba, naye akachimba wa vyumba saba. Dhahabu ya mke ikauzwa, ada ya madrasa ikasimama, mafundi wakadai ujira wao. Nyumba ikafika linta, ikaota majani, na miaka kumi imepita. Watoto wameshabaleghe ndani ya kile chumba kimoja. Mtu huyu hakukosa uwezo wa kuwasitiri watoto wake, aliukosa uamuzi. Mwingine amekwisha kujenga na kuhamia, lakini sebule yake pana yenye makochi na mazulia imefungwa kwa ufunguo ikimngoja mgeni wa heshima, na watoto wanalala ukumbini kwenye mikeka. Mgeni huja mara mbili kwa mwaka, na watoto hulala kila usiku.

Kwa hivyo, atakaye kuijua nyumba inayotosha asiihesabu kwa kusimama njiani, bali aizunguke usiku, watu wakiwa wamelala. Atazame nani amelala wapi, na pamoja na nani, na mlango gani unafungika, na dirisha gani linapitisha hewa. Hicho ndicho kipimo. Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu kwa ukarimu Wake, na Sala na Salamu zimfikie Mtume wake.

Ndugu Waislamu, huenda akawapo anayesikiliza akasema: mimi sina ila chumba kimoja, na kodi yake naipata kwa taabu. Huyo dini yake haimkalifishi kupita uwezo wake. Tundika pazia. Watenge wavulana na wasichana, hata kwa matandiko mawili ya mkeka. Mkubwa akiweza kulala kwa bibi yake au kwa shangazi yake mwaminifu, na alale huko. Fungua dirisha asubuhi. Wafundishe watoto kubisha hodi, hata ikiwa ni kwenye pazia. Umetimiza ulichoweza, na Mola wako ni Mjuzi wa dhiki yako.

Nanyi wenye nyumba za kupangisha, mcheni Mwenyezi Mungu. Zipo nyumba za vyumba sita, vitatu upande huu wa ukumbi na vitatu upande ule, na kila chumba kina familia, na choo ni kimoja uani. Usizibe dirisha la mpangaji ili uongeze kibanda kingine. Usidai kodi ya mwaka mzima kwa mtu unayejua anapata riziki yake kwa siku. Usimtoe mwenye watoto usiku kwa tofauti ya fedha chache.

Nanyi mnaopanua nyumba, panueni katika lililo lenu. Mtume ameonya kuwa atakayedhulumu ardhi, hata kiasi cha shubiri, atavishwa shingoni katika ardhi saba. Na watu wakigombana juu ya njia, ameamua iachwe dhiraa saba, yaani kiasi cha mita tatu na kitu. Angalieni vichochoro vyetu: moto ukizuka gari la zimamoto haliingii, na jeneza hupitishwa kwa kuinamishwa. Kila ukuta uliosogezwa njiani umetwaa wasaa wa umma mzima.

Nanyi warithi, msimdhiki mjane. Mtume alimwamuru Furaia bint Malik, aliyeuawa mumewe, akae katika nyumba ile ile mpaka eda yake iishe. Leo maiti hajatimiza arubaini, na mashemeji wameshagawana vyumba na vitanda.

Ewe Mola wetu, tusamehe dhambi zetu, utupe wasaa katika nyumba zetu na baraka katika riziki zetu. Wasiokuwa na makazi wape makazi, na wenye makazi wape kinaa na shukrani. Wahifadhi watoto wetu katika malazi yao. Na siku tutakayohamia katika nyumba ile isiyo na dirisha wala jirani wa kumwita, utupanulie humo kwa rehema Yako, kwani hapana atakayetupanulia ila Wewe. Amin.

Simamisheni Sala, Mwenyezi Mungu akurehemuni.