Kufundisha Maneno ya Kiingereza ya Hisia Chungu: Tuanzie Kwenye Kiswahili cha Mwanafunzi

Mada kwa semina ya walimu wa Kiingereza na walimu wa ushauri na unasihi, Tlawi, Mbulu



Mwanafunzi wetu wa kidato cha kwanza amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na nyumbani anazungumza Kiiraqw au Kidatoga. Anaingia sekondari akiwa na maneno matatu ya Kiingereza ya kutaja maumivu ya moyo: "sad", "angry" na "bad". Kwa maneno hayo hayo matatu tunamtaka aandike insha, achambue riwaya, na katika shule zilizobandika mlangoni mwa ofisi kile kibao cha "No English, No Service", aeleze kwa mwalimu shida iliyomleta. Ulimi wake hauna tatizo. Mtoto anayetamka jina la Tlawi inavyotakiwa, pamoja na zile sauti za kooni za Kiiraqw, hashindwi na matamshi ya Kiingereza. Kinachomkwamisha ni kwamba tumemwachisha maneno yake kabla ya kumpa mengine.

Hoja yangu ni kwamba maneno hayo yanafundishika vizuri kwa kuanzia Kiswahili chake, na kwamba kazi hii haina budi kufanywa na walimu wa Kiingereza na walimu washauri pamoja.

Nitoe mfano. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaifunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Baadaye nilisoma insha ya mwanafunzi mmoja aliyeandika kuhusu siku ile. Mvua aliieleza, kelele alizieleza, hata milango iliyosombwa. Alipofika kwenye yaliyomsibu yeye mwenyewe aliandika: "It was very bad. I was very sad." Akaweka nukta. Nilipomuuliza kwa Kiswahili, alizungumza muda mrefu bila kusita. Alisema mvua ikinyesha usiku hofu inamrudia na usingizi unakata. Alisema ana uchungu kwa waliofariki, na anajiona ana hatia kwa kuwa yeye amepona. Mambo matatu, kila moja na jina lake. Katika insha yote yalimezwa na neno "sad".

Mwalimu anayesahihisha insha kama ile huandika pembeni kwamba msamiati ni hafifu. Ni kweli, lakini msamiati ulikuwepo. Ulikuwa katika lugha nyingine.

Pana kundi jingine linalotusaidia kuona tatizo hili kwa jicho jipya: wanafunzi waliosoma kwa Kifaransa. Kule Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, wapo Wakongomani waliosoma kwa Kifaransa, wanaokijua Kiswahili, na ambao baadhi yao walijifunza Kiingereza wakitarajia kuhamia nchi kama Marekani. Mfaransa hasemi yeye "ni" mwoga wa kitu fulani. Husema ana hofu, "j'ai peur". Husema ana aibu, "j'ai honte". Sisi nasi tunasema "nina hofu", "nina hasira", "nina huzuni". Kwa hiyo Mkongomani na Mwiraqw wakikutana darasani wataandika kosa lile lile: "I have fear". Kiingereza kinataka "I am afraid". Jambo hili tulitaje wazi ubaoni siku ya kwanza. Mwanafunzi akishaelewa kwamba hisia katika Kiswahili ni kitu unachokuwa nacho, na katika Kiingereza ni hali unayokuwa ndani yake, anaacha kosa hilo mapema kuliko akisahihishwa kwa wino mwekundu mwaka mzima.

Baada ya hapo njia zinaachana. Anayetoka kwenye Kifaransa hutegwa na maneno yanayofanana kwa sura. Kwake "déception" ni hali ya kuvunjwa moyo. Kwa Kiingereza "deception" ni udanganyifu, na kuvunjwa moyo ni "disappointment". Kwake "énervé" ni mtu aliyeudhika. "Nervous" ya Kiingereza ni mwenye wasiwasi. Sisi hatuna mtego huo. Mtego wetu ni maneno mapana, na neno linalotuponza kuliko yote ni aibu.

Naomba tukae kidogo hapa.

Mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake mgeni akija, tunasema anaona aibu. Kijana aliyejikwaa akaanguka mbele ya darasa zima, anaona aibu. Mtu aliyeiba, dhamiri ikamsuta, anaona aibu. Aliyetukanwa mstarini asubuhi shule nzima ikisikia, naye anaona aibu. Kiingereza kina maneno manne hapo: "shy", "embarrassed", "ashamed", "humiliated". Kamusi ya mfukoni ikimpa mwanafunzi neno moja tu, "shame", yeye hulipeleka kote.

Mimi hutumia maswali mawili. Kuna mtu aliyeona? Na nani mwenye kosa? Kama hakuna kosa wala tukio, ni tabia ya soni tu, ni "shy". Kama watu wameona jambo dogo lisilo kosa, ni "embarrassed". Kama kosa ni langu, hata asipoona mtu, ni "ashamed". Na kama aliyenitenda ndiye mwenye kosa, mimi nimefedheheshwa: "humiliated". Kiswahili kina neno "fedheha" na neno "haya", tena yamekaa mahali pake. Ni sisi tulioacha kuyatumia darasani.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika mkoa wetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 uliitaja Manyara kuwa inaongoza nchini kwa ukeketaji: wanawake 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Katika madarasa yetu mnasomwa riwaya ya Osman Conteh, "Unanswered Cries", kisa cha Olabisi, msichana wa Sierra Leone ambaye mama yake anataka akeketwe. Wasichana wetu wanaisoma wakijua inazungumzia nini. Sasa msichana akiulizwa Olabisi alijisikiaje, akajibu "she was ashamed", amemtwisha Olabisi kosa lisilo lake. Huenda hakukusudia. Huenda pia ndivyo anavyojiona yeye mwenyewe, na hapo mwalimu mshauri ana sababu ya kusikiliza. Bila kumfundisha tofauti ya "ashamed" na "humiliated", hatutajua kamwe ni lipi kati ya hayo mawili.

Wivu nao ni mpana, ila hauna ugumu huo. Anayehofia kunyang'anywa kilicho chake ni "jealous". Anayekitamani cha mwenzake ni "envious", na huyo tayari tunamwita mwenye husuda au kijicho. "Pole" inahitaji onyo moja tu: mwanafunzi akimwambia mgeni aliyejikwaa "sorry", mgeni anaweza kudhani anaombwa radhi. Amwambie "I'm sorry you are hurt".

Sarufi ya vitenzi

Kosa la "I am boring" tunalijua sote. Mwanafunzi anataka kusema amechoshwa, anaishia kujitangaza kuwa yeye ndiye anayewachosha watu. Sisi Kiswahili kinatubeba, kwa sababu vitenzi vyetu vya hisia huja kwa jozi. Kinachosababisha hisia kina umbo lake, na anayeipata ana lake: habari inasikitisha, mimi nimesikitika, maneno yake yanaudhi, mimi nimeudhika, giza linatisha, mimi nimetishika, kazi inachosha, mimi nimechoka. Chora mstari katikati ya ubao. Upande wa kushoto weka "inasikitisha", "inaudhi", "inatisha", "inachosha", na chini yake "saddening", "annoying", "frightening", "tiring". Upande wa kulia weka "nimesikitika" na wenzake, na chini yake "saddened", "annoyed", "frightened", "tired". Waache wanafunzi waongeze jozi zao. Sijaona njia inayoeleweka haraka kuliko hii, na siioni katika vitabu vinavyotufikia, kwa sababu vimeandikwa bila kumfikiria msomaji wa Kiswahili.

Tukirudi kwenye msamiati, hasira ifundishwe kwa ngazi: kuudhika, kukasirika, kughadhibika; "annoyed", "angry", "furious". Kinyongo kipewe nafasi yake, "grudge", kwa kuwa hasira iliyolala ni tofauti na hasira iliyowaka. Kwa wanafunzi wa bweni neno "homesick" lisikose. Wengi wao wanaumwa ugonjwa huo muhula wa kwanza na hawajui kuutaja. Maneno 20 kwa muhula yanatosha, kila moja likiwa na tukio lake. Orodha ya maneno 100 ya kukariri ni kazi bure.

Kwa walimu mliokuja Mbulu kutoka mikoa mingine: Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walitoa kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza mwaka 2002, nayo ina faharasa iliyopangwa kwa maana. Mkiipata, itumieni. Mkiikosa, waulizeni wanafunzi nyumbani kwao wanasemaje. Wanapenda mno kuulizwa.

La mwisho ni kibao cha mlangoni. Naelewa nia ya waliokibandika. Naomba kisiwepo kwenye mlango wa mwalimu mshauri, na mwanafunzi aliyekuja na machozi asikilizwe kwa lugha aliyokuja nayo. Kiingereza chake tutakifanyia kazi darasani.

Baada ya chai tutagawanyika katika vikundi vinne. Kila kikundi kichague kifungu kimoja cha "Unanswered Cries", kitafute mahali ambapo mhusika anaumia, na kiandike sentensi tatu za Kiswahili kuhusu anavyojisikia kabla ya kugusa Kiingereza. Walimu washauri msikae kundi moja, mgawanyike.