Vitu vya nyumba vinapoitwa vitani
Maongezi ya redio kwa jamaa zilizohama makwao na kwa wakubwa wa kartie, Kisangani

Jambo kwenu mnaolala chini ya turubai na katika madarasa ya shule. Jambo kwenu mliopokelewa na ndugu, watu kumi na wawili katika chumba kimoja. Jambo kwenu wakubwa wa kartie, machifu wa vijiji na wazee wa barza. Maneno haya tumeyachapa ili aliyekosa redio ayasome, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake.

Leo ninakuomba uangalie ndani ya nyumba yako, hata kama ni nyumba ya turubai. Kuna nini? Panga. Bidoni ya njano ya kuchotea maji. Chupa ya mafuta ya taa. Mawese kidogo ya kupikia sombe. Kipande cha sabuni. Labda baisikeli, kama kijana wako anafanya kazi ya toleka. Nikikuuliza kipi kati ya hivyo ni silaha, utanionyesha panga. Mimi nitaanza na sabuni.

Mama anayepika sabuni anajua kazi yake: mafuta, soda, moto, na kukoroga hadi mkono uchoke. Kiwandani wanaongeza chumvi, sabuni inapanda juu, na chini yanabaki maji yenye kitu kizito, kitamu ulimini. Kitu hicho kinaitwa gliserini. Ukienda famasia utakikuta katika dawa ya kikohozi na katika mafuta ya kupaka ngozi. Lakini mafundi wa Ulaya waligundua katika karne ya 19 kwamba gliserini hiyo hiyo inaweza kugeuzwa kuwa kitu cha kulipuka chenye nguvu kubwa mno. Dinamiti ya Alfred Nobel, ya mwaka 1867, ilitoka humo. (Usiogope, mama: sabuni yako haiwezi kulipuka. Endelea kufua.)

Sasa sikia jinsi jambo hili linavyotugusa. Mwaka 1911 Mwingereza mmoja tajiri wa sabuni, William Lever, alipatana na serikali ya Ubelgiji apewe sehemu kubwa za ardhi yetu kwa ajili ya mawese. Kampuni yake iliitwa Huileries du Congo Belge. Kituo kimoja walikiita Elisabetha. Sisi leo tunakiita Lokutu, ukishuka na mto kutoka hapa Kisangani, katika teritware ya Basoko. Babu zetu walipanda michikichi kukata ngazi, wengi wao bila kupenda. Kisha ikaja vita kuu ya 1914 hadi 1918. Mafuta ya Afrika yalikuwa yakiingia katika viwanda vya sabuni vya Uingereza. Sabuni ikatokea mlango mmoja, gliserini ikatokea mlango mwingine ikaenda kwenye baruti ya mizinga. Mkata ngazi aliyekuwa juu ya mti na kamba kiunoni, nani alimwambia?

Wala si Mwafrika peke yake. Mwaka 1917, huko Uingereza, watoto wa shule waliambiwa waokote mbegu ngumu za mti mmoja wa kivuli, mbegu ambazo siku zote walikuwa wakizichezea tu. Waliziokota kwa magunia. Zilitakiwa kwa ajili ya dawa moja ya kutengenezea baruti, lakini kazi yenyewe ilikuwa siri. Na mwaka 1942, huko Marekani, kina mama waliombwa wasimwage mafuta yaliyobaki kikaangoni baada ya kukaanga nyama. Wayaweke katika kopo, wayapeleke kwa muuza nyama, wapewe senti chache. Walionyeshwa hata sinema ya katuni, Minnie Mouse akiwa jikoni kwake, ili wafahamu kwamba mafuta yale yatakuwa risasi. Hao angalau waliambiwa.

Ninayasema haya yote kwa sababu moja. Vita havianzi kwa kuja mlangoni kuomba mtoto wako. Vinaanza kwa kuomba kitu kidogo, kitu ambacho hata jirani mwema angekuomba. Na mara nyingi anayeomba hasemi ni cha nini.

Kwetu hapa hata kiwanda hakikuhitajiwa. Simba walipoingia mji huu tarehe 5 Agosti 1964, ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, wengi wao hawakuwa na bunduki. Walikuwa na mikuki, mapanga na minyororo ya baisikeli. Na walikuwa na maji. Walinyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa risasi hazitawaingia. Hata hilo halikuwa jipya. Mwaka 1905, katika Tanganyika ya Wajerumani, wapiganaji wa Maji Maji walipewa maji yenye mafuta ya mbarika na mbegu za mtama, vitu vya jikoni kabisa. Vijana wengi walikufa wakiyaamini.

Tukaribie zaidi. Mwaka 2023, ng'ambo ya kushoto ya mto, katika komini ya Lubunga na katika vijiji vya upande ule, Wambole na Walengola walishikana juu ya ardhi. Sitaki leo kuhukumu nani alianza. Wazee wa pande zote mbili wananisikia, na kila upande una makaburi. Ninataka kuuliza jambo jingine tu. Silaha zilitoka wapi? Zilikuwa mapanga, mishale na bunduki za kuwindia. Yaani vitu vilivyokuwa vimeegemea ukutani jana yake. Panga lile lilikuwa limemenya muhogo asubuhi. Makumi ya maelfu ya watu wakaacha nyumba, na wengi wenu mnaonisoma ni kati yao.

Kwa hiyo, baba, mama, kijana akija jioni kuomba panga, wakati ambapo hakuna anayekwenda shambani, muulize: la nini? Akiomba petroli ya chupa moja na hana pikipiki, muulize: ya nini? Akitaka toleka ya mwanao impeleke mahali usiku na hataki kutaja mahali, muulize. Si kwa ukali. Uliza kama mzazi. Mtu mwenye kazi halali atajibu mara moja, hata atacheka. Anayenyamaza amekwisha kukujibu, na kitu chako kisitoke nyumbani.

Nanyi wakubwa wa kartie, msingoje karatasi ya serikali. Mnajua dalili. Panga la shamba linanolewa upande mmoja. Mkiona vijana wanalinoa pande zote mbili, huyo si mkulima. Mkisikia mapanga yamekwisha sokoni na si wakati wa kufyeka, iteni barza siku hiyo hiyo, na mwite watu wa kabila lile jingine pia. Ninajua ni vigumu. Kuna chifu atakayeitwa msaliti kwa kuwaita. Afadhali aitwe hivyo.

Kuna safari nyingine, ya kurudi: silaha inayoingia nyumbani na kutaka kuwa chombo cha nyumba. Mnakumbuka siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Umoja wa Mataifa ulihesabu makombora zaidi ya 6,600, raia zaidi ya 760 waliokufa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Si kila kombora lililipuka. Mengine yalibaki katika mashamba, katika visima, chini ya ukuta ulioanguka. Ikabidi mafundi waje kuyatafuta moja moja. Na sisi watu wa shida tulifanya nini? Tuliona chuma. Chuma kizuri, kizito, cha kusimamishia sufuria, cha kuuza kwa wanaoyeyusha vyuma vya zamani. Nyumbani kwetu mdogo wangu alileta kimoja, tukakitumia kuzuia mlango karibu majuma mawili, hadi mgeni mmoja aliyekuwa askari zamani akakiona, akatutoa wote nje bila hata kuaga. Hakikulipuka. Tulikuwa na bahati, si akili.

Ninyi mnaorudi katika vijiji vilivyopiganiwa, au mnaofungua shamba mahali ambapo hamkuzaliwa, mkiona chuma msichokijua, msikiguse, msikichome, msikitupe mtoni. Weka alama mbali nacho, tawi au kitambaa, kisha mwambie mkubwa wa kartie, naye apeleke habari kwa polisi. Na mtoto akikileta nyumbani, mwambie akiache chini polepole, watu wote watoke, mtu mzima mmoja azuie wengine wasikaribie. Usimpige. Mtoto aliyepigwa kwa cha leo, cha kesho atakificha chini ya mkeka anaolalia.

Juma lijalo tutaongea na wazee wa Lubunga juu ya mashamba yaliyoachwa na nani ayalime wakati mwenyewe hayupo. Kwaherini, wapendwa.