Mlembe, Ndege Anayemwita Binadamu

Mlembe ni ndege mdogo wa rangi ya kahawia anayekula nta. Penye nyuki anapajua, ila moshi na shoka hana. Basi humwendea binadamu, akapiga kelele, akaruka mti hadi mti mpaka wafike.

Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita kwa mlio wa "brrr-hm". Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mlio huo huongeza uwezekano wa kupata asali zaidi ya mara tatu. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, Tanzania, wao humpigia mluzi.

Malipo ndiyo yenye utata. Jamii nyingi husema ukimnyima mlembe sega, siku nyingine atakupeleka kwa simba au nyoka. Wayao humwekea nta juu ya majani. Wahadzabe mara nyingi huichoma au kuificha, ili njaa imfanye aendelee kuongoza. Lakini usimwonee huruma upesi. Mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine, na kinda lake, macho bado hayajafunguka, huwaua makinda wa mwenye nyumba kwa ncha kali za mdomo.