MUUGUZI NAYE ANALEMEWA: TUFANYE NINI?

Leo hatuzungumzi juu ya mgonjwa. Tunazungumza juu ya yule anayeshika sindano.

1. Mzigo unatoka wapi?

Munajua zamu ya usiku. Muuguzi mmoja, vitanda vingi, umeme umekatika. Mtoto mwenye malaria analetwa akiwa amekwisha damu, na damu ya kumwongeza hakuna. Saa tisa ya usiku anakufa. Baba yake anapiga kelele: "Ni ninyi mumemuua!" Papo hapo mama mjamzito anaita, uchungu umemshika. Nafasi ya kunawa uso haipo. Asubuhi unarudi nyumbani, na huko mshahara haujafika, watoto wanadaiwa pesa ya masomo.

Tena kuna woga wa kuambukizwa. Kule Kikwit, mwaka 1995, Ebola ilishika watu 315, na karibu 80 kati yao walikuwa wafanyakazi wa afya. Waliobaki walizika wenzao, kisha wakarudi kazini.

2. Dalili zake

Shirika la Afya Ulimwenguni, katika orodha yake inayotumika tangu 2022, linataja hali hii. Haliiiti ugonjwa, bali hali inayotokana na kazi. Dalili ni tatu:

a) Nguvu zimekwisha. Unalala, lakini unaamka umechoka.
b) Moyo umekuwa baridi. Mgonjwa hana jina tena, ni "yule wa kitanda cha sita". Akiuliza, unamkaripia.
c) Unaona kazi yako haina faida.

Wengine wanaumwa kichwa na tumbo kila mara. Wengine wanatafuta usingizi ndani ya chupa ya pombe, na huko hawaupati.

3. Hatari inamfikia mgonjwa

Mwaka 1997 wataalamu walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 anafanya kazi sawa na mtu mwenye nusu gramu ya pombe katika kila lita ya damu. Je, tungemruhusu mlevi kupima dawa? Mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali anahitaji artesunati miligramu 30. Ikiwa dawa imechanganywa kwa mshipa, miligramu 10 kwa kila mililita, hiyo ni mililita 3. Hesabu ni nyepesi saa mbili ya asubuhi. Saa kumi ya usiku si nyepesi hata kidogo. Basi usiseme, "Eh, mimi sichoki!" Kila mtu anachoka.

4. Tufanye nini?

Kwanza, dawa ya mtoto ihesabiwe na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti. Ukiwa peke yako, andika hesabu, kisha uirudie toka mwanzo.

Pili, mgonjwa akifa, wa zamu wakae pamoja dakika kumi kabla ya kwenda nyumbani. Waulizane: Nini ilitokea? Tulifanya nini vizuri? Nini ilikosekana? Hapo hatutafuti mkosaji. Tunatua mzigo kusudi mtu asiubebe peke yake mpaka kitandani.

Tatu, kabidhi kazi vizuri. Andika ripoti, isome kwa mwenzako, halafu nenda. Ukimkabidhi funguo, mkabidhi na wagonjwa pia.

Nne, kula na kulala. Ninyi wakubwa wa kazi, hili ni lenu: atokaye zamu ya usiku asiitwe tena mchana ule. Maneno ya kutia moyo hayawezi kushika nafasi ya usingizi.

Tano, sema. Mwambie mwenzako unayemwamini. Na kama mawazo ya kutaka kufa yanakujia, usingoje kesho. Mwone daktari leo, na usikae peke yako.

5. Je, ni imani kidogo?

Kuna wanaosema kwamba muuguzi Mkristo akilemewa, basi haombi vya kutosha. Hapana, ndugu. Nabii Eliya alichoka mpaka akaomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, halafu akamwamsha ale mara ya pili. Safari ilikuja nyuma.

Basi usiku wa leo, kabla ya kumwuliza mwenzako kama vitanda vyote viko sawa, muulize kwanza: "Wewe, umekula?"