Mji wa Thika na Wenyeji Wake

Leo napenda kusema nanyi, na hasa nyinyi mkaao Kamenu, habari za mji wetu wa Thika: jinsi ulivyoanza, na wajibu wetu juu yake.

Mji huu ulijengwa karibu na mahali mito ya Thika na Chania ikutanapo. Upande mmoja ni nchi ya Wakikuyu, na upande wa mashariki ni nchi ya Wakamba. Mwaka 1908 hoteli ya Blue Posts ilijengwa kando ya maporomoko ya maji, wasafiri wakapata pa kupumzika. Lakini kilichouzaa mji hasa ni reli.

Reli hiyo kutoka Nairobi ilifunguliwa mwaka 1913. Yasimuliwa kwamba wakuu wa Nairobi walijua ya kuwa Hazina ya London haingekubali upesi kutoa fedha za reli mpya. Basi wakaiita "tramu", yaani gari dogo lipitalo katika njia za mji. Fedha zikapatikana. Jina lilikuwa tramu, lakini kitu chenyewe kilikuwa reli kamili. Ilichukua kahawa na mkonge wa masetla, na baada ya miaka ikafika Nanyuki. Viwanda navyo vikafuata: vya ngozi, vya nguo, na vya kutia mananasi mikebeni.

Tusiwasahau waliofanya kazi hiyo. Tangu miaka ya 1920 Mwafrika mwanamume aliyetafuta kazi alilazimika kuchukua kipande, naye akikining'iniza shingoni katika kibweta cha bati. Alijenga mji kwa jasho lake, lakini katika shauri la kuutawala hakuulizwa neno. Nasema haya ili tujue thamani ya kile tulicho nacho sasa.

Maana leo twaulizwa. Baraza la Manispaa la zamani lilikwisha mwaka 2013, serikali za kaunti zilipoanza, na Thika ikawa chini ya Kaunti ya Kiambu. Kamenu ni wadi, nayo humchagua mwakilishi wake. Tena Sheria ya Miji ya mwaka 2011 yawapa wakazi haki ya kutoa maoni juu ya mambo ya mji wao, kupeleka maombi kwa maandishi, na kujibiwa.

Siku hizi wengi wanatamani Thika iitwe jiji. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, na idadi ya watu itakiwayo ili mji uitwe jiji ikapunguzwa kutoka 500,000 hadi 250,000. Kutamani si kosa. Lakini kumbukeni ile tramu: jina halikuipunguzia nguvu, na jina peke yake halitatuongezea sisi kitu. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mgeni akiingia kwetu ataona nini? Mitaro iliyoziba kwa takataka, au mitaro safi? Maji ya Chania hunywewa na watu. Je, ataona mto unaotunzwa, au jaa?

Basi nawaomba mambo matatu. Kwanza, mkutano wa bajeti ukitangazwa, nendeni. Msingoje fedha zikishatumika ndipo mnung'unike. Pili, jambo likiharibika mtaani, liandikeni na kulipeleka ofisini, kisha mdai jibu. Tatu, kila mtu na afagie mbele ya mlango wake, maana hakuna ofisi iwezayo kuwa na macho mengi kama ya wenyeji.

Mwaka 2020 gari la moshi la abiria lilianza tena safari za Nanyuki, baada ya njia hiyo kukaa kimya miaka mingi. Reli iliyolala yaweza kuamka, ikipata watu wa kuitengeneza. Mji nao ni vivyo hivyo. Babu zetu waliujenga bila kuulizwa. Sisi tuliopewa nafasi ya kusema tukinyamaza, tutamlaumu nani?